Baba hainuki kwenye kochi mpaka ashike meza, nimpe mazoezi gani?

Swali: Shikamoo dokta. Baba ana miaka 72 na ana presha. Tangu corona iingie hapa kwetu Machi 2020 tulimkataza kutoka, kila kitu tunamletea. Corona hajaugua ila sasa hivi kuinuka kwenye kochi shughuli. Ni uzee? Afanye mazoezi gani na kwa kiasi gani? (Msomaji, Mbagala)

Jibu: Marahaba, ila mi si dokta, mi mtu wa fizio, tiba ya mazoezi. Hongereni kumkinga, lakini kochi nalo limemfanya yake. Msuli wa paja usipotumika unaisha, na kwa mtu mzima unaisha haraka kuliko mnavyodhani, wazee wazima kabisa waliwahi kulazwa kitandani siku 10 tu kwa utafiti na miguu ikapoteza karibu kilo moja ya nyama. Sasa baba yako amekaa muda gani hapo?

Kwanza mpime. Chukua kiti cha kulia chakula (cha plastiki kinateleza, kama ndo kilichopo kiegemezeni ukutani), akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Kwa umri wake mwanaume akishindwa kufikisha 12 ujue miguu imelegea na yuko kwenye hatari ya kuanguka. Akilazimika kushika hesabu ni sifuri, msimcheke.

Dawa yake ndo hiyohiyo, kusimama na kukaa. Aanze mara 5, apumzike, arudie, asubuhi na jioni, mwanzoni ashike meza tu hamna shida, asibane pumzi maana ana presha, ahesabu kwa sauti. Akizoea, ashike sinki ainue visigino, halafu asimame mguu mmoja na mtu awe karibu. Na muulize, anaswali amekaa kwenye kiti siku hizi? Wengi walioacha kwenda msikitini waliacha na rukuu na sijda, na yale yalikuwa mazoezi tosha mara tano kwa siku.

Kutembea mruhusuni jamani, saa kumi na mbili asubuhi mtaa hauna watu, barakoa mfukoni avae akikutana na kundi. WHO wanasema dakika 150 kwa wiki, yeye aanze na 10 kwa siku. Kabla ya kushuka kitandani akae kwanza pembeni dakika moja, dawa za presha zinaleta kizunguzungu. Maumivu ya kifua, pumzi kukata au upande mmoja kulegea ghafla, hapo hakuna mazoezi, hospitali.

Chakula pia, chai na mkate havijengi msuli, apate dagaa, maharage, yai. Kujifukiza hakurudishi miguu, nimeulizwa sana hilo.

Mpime tena baada ya wiki sita uniandikie kafikisha ngapi. Na rimoti ya tivii muiweke mbali, aifuate mwenyewe.