Mama Kipanga na aina 26 za Jumamosi moja

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nimefuata ushauri wako wa kwenda kutazama ndege. Nimezunguka saa mbili nzima na nilichoambulia ni kunguru na shomoro. Hao ndege wako wanaishi wapi?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe zamani, tena kwa uchungu kuliko yeye. Jumamosi nikaamua kumjibu kwa vitendo. Siku nzima, bila gari, na nisiende mbali zaidi ya mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka mlangoni kwangu. Nimerudi na aina 26 za ndege. Ndiyo, najivuna. Niacheni nijivune kidogo.

Kosa la msomaji wangu limo katika neno lake mwenyewe: nimezunguka. Ndege anakuona kabla hujafunga mlango. Kila unapopiga hatua, mlinzi fulani juu ya mti anapiga kelele na wote walio mbele yako wananyamaza au wanahama. Kwa hiyo unatembea saa mbili ndani ya ukimya ulioutengeneza mwenyewe, kisha unasema hakuna kitu.

Mimi nilitoka kungali kiza, nikaketi kwenye gogo kando ya bwawa dogo, mgongo nimeuegemeza mtini ili umbo langu lisijitokeze. Dakika kumi za kwanza hakuna kitu. Hizi ndizo dakika ambazo watu wengi huinuka na kuondoka. Kisha njiwa mmoja akatua kwenye waya, akanitazama kwa jicho moja, akaona sina maana, na ni kama alitangaza habari hiyo kwa wenzake. Kufikia saa kumi na mbili na nusu nilikuwa na aina tisa na sikuwa nimenyanyua hata mguu.

Hao shomoro aliowadharau msomaji wangu walikuwa wa kwanza kunifurahisha. Dume ana baka jeusi kooni, jike hana. Jike amevaa kahawia ya kawaida tu, na ukitaka kujua kama mtu anatazama kweli, muulize jike wa shomoro anafananaje. Wengi hawajui, ingawa wamemwona kila siku tangu utotoni.

Baadaye mbayuwayu wakaanza kushuka bwawani, wakichota maji huku wanaruka, mdomo wazi, bila kutua. Ndege huyo ana uzito wa gramu 20 hivi, na wale wanaozaliana Ulaya huvuka jangwa la Sahara kila mwaka, kwenda na kurudi. Zamani wasomi wakubwa waliamini kwamba mbayuwayu wakitoweka huwa wamejificha mahali fulani wakilala msimu mzima. Mambo yalianza kueleweka mwaka 1822, korongo mmoja alipouawa huko Ujerumani akiwa na mshale mrefu kutoka Afrika uliopita shingoni. Alikuwa ameruka nao safari yote. Bado amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock, mshale shingoni. Humfikiria kila nikianza kulalamika kwamba gogo ni gumu.

Na yangeyange! Walikuwa watatu, wakimfuata mtu aliyekuwa anakata nyasi kwa mashine, kama vile wenzao wanavyofuata ng'ombe, wakidaka panzi wanaoruka kwa hofu. Ndege huyu mweupe mnayemwona wa kawaida asili yake ni Afrika na pande za karibu, lakini mwishoni mwa karne ya 19 alikwisha kuonekana Amerika ya Kusini. Alivuka Atlantiki kwa mabawa yake. Miaka ya 1940 tayari alikuwa Florida. Halafu mtu ananiambia "ni yangeyange tu".

Sasa niwaambie kwa nini neno "tu" linanichoma.

Miaka sita iliyopita nilijiunga na kikundi cha watazama ndege. Nilikuwa na darubini mpya ya 8x42 shingoni, na sikujua hata kwamba 8 ni mara ngapi inakuza na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Asubuhi ya tatu, ndege wa kijivu mwenye milia kifuani na mkia mrefu akapita chini chini, na ndege wadogo wote wakatawanyika wakipiga mayowe. Nikapaza sauti: "Kipanga!" Kiongozi wetu hakusema neno. Akasubiri ndege atue, akasubiri watu wote wamtazame kwa darubini, ndipo akasema taratibu, "Hiyo ni kekeo, mama." Walicheka mpaka njiani kurudi. Kuanzia siku hiyo nikawa Mama Kipanga. Nilirudi mara mbili zaidi, halafu nikaacha, na darubini ikakaa kabatini karibu mwaka mzima.

Hakuna aliyeniambia jambo nililokuja kulijua peke yangu. Baadhi ya kekeo wamevaa nguo za kipanga. Mgongo wa kijivu, milia kifuani, mkia mrefu, hata mruko wenyewe. Kekeo hajengi kiota. Hutaga katika viota vya ndege wengine, na kufanana na mwindaji huwatia hofu wenye nyumba. Yaani ndege wadogo, ambao uhai wao unategemea kumtambua kipanga, hudanganyika. Mimi nilidanganyika pamoja nao, tena nikiwa na siku tatu tu za uzoefu. Yule kiongozi alilijua hilo. Angeweza kulisema, na leo ningemshukuru. Tukikutana hatusalimiani, na sioni haya kuandika hivyo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkiwa na mtu anayeanza, msimcheke. Mwulize ameona nini. Na wewe unayeanza, keti chini. Keti, halafu uangalie umbo kabla ya rangi, kwa sababu rangi hubadilika na mwanga ila mdomo haubadiliki. Mdomo umepinda kama ndoana au umenyooka? Mabawa yamechongoka au yana ncha ya mviringo? Anapiga mabawa mfululizo, au anapiga mara chache kisha anateleza hewani? Andika hayo daftarini kabla ya kugusa simu. Ninayo programu ya simu ya Merlin, ile ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani inayosikiliza sauti na kukutajia ndege, na ni msaada mkubwa. Tatizo ni kwamba ikishakupa jina, macho yanastaafu.

Kama siku nzima ni ndefu, chukua saa moja. Uingereza tangu 1979 watu huketi saa moja kila mwaka kuhesabu ndege wa bustanini kwao, na kanuni yao ni nzuri sana: kwa kila aina, unaandika idadi kubwa uliyoiona kwa wakati mmoja. Ukiona njiwa wawili, kisha baadaye watatu, unaandika watatu, siyo watano. Unaketi, unahesabu, hujidanganyi.

Na tuache tabia ya kupiga sauti za ndege kwa simu ili wajitokeze. Ndege anadhani mpinzani ameingia eneo lake, anaacha mayai, anaacha kula, anakimbizana na mzimu. Wewe unapata picha, yeye amepoteza asubuhi. Viota navyo tuviache. Sipendi kuhubiri, lakini nimeona watu wazima wakivuta matawi ili kamera ione makinda vizuri, na wenzao wakiwapigia makofi.

Mchana sina la kusimulia. Jua lilikuwa kali, ndege walinyamaza, nikalala. Kereng'ende pekee ndio walikuwa kazini juu ya bwawa, wakikamata wadudu wenzao hewani, na sikuona hata mmoja akikosa. Mdiria nilimpata saa kumi na moja jioni, baada ya kumsikia mara nne bila kumwona. Kumbe alikuwa kwenye tawi lililokuwa mita tano kutoka gogo langu, pengine muda wote. Huyo alikuwa wa 26.

Popo walipoanza kutoka nikafunga daftari. Hapo ndipo kitu cha kijivu kikapita chini chini juu ya nyasi, mkia mrefu, na shomoro wakalipuka kutoka kichakani. Mwanga ulikuwa umekwisha. Niliona milia, au nilidhani nimeiona. Alitua upande wa pili wa bwawa akiwa amenipa mgongo, nikasubiri ageuke nione mdomo. Hakugeuka. Akaruka, akapotea nyuma ya miti.

Nilifungua daftari tena, nikaandika: "Saa kumi na mbili na nusu. Kipanga au kekeo. Mdomo sikuuona." Nikaacha hesabu kwenye 26.