Risepta ya ukuaji imezidi nguvu, mbona mtoto ni mfupi?

Swali: Daktari, mtoto wetu ana miaka 3, kipimo kinasema ana akondroplasia (hali ya kuzaliwa nayo inayofanya mifupa ikue mifupi) juu jeni ya FGFR3 inafanya kazi kupita kiasi. Kama hiyo ni risepta ya kukuza mwili, si angekuwa mrefu? Na sindano za homoni ya kukua zitamsaidia? – Mama, Kasarani

Jibu: Mama, uko sawa kushangaa. Risepta ni protini ya seli inayopokea ujumbe kutoka nje, na jeni ya FGFR3 ndiyo inaitengeneza hii moja. Risepta za familia hii mara nyingi huambia seli ziongezeke, lakini kwa mifupa FGFR3 kazi yake ni kuzuia. Mwisho wa mifupa mirefu kuna gegedu, yaani ile sehemu laini, seli zake zinagawanyika, zinajipanga mstari, zinavimba halafu pale panageuka mfupa, ndivyo mtoto anarefuka. FGFR3 imekaa kwa ngozi ya hizo seli, nusu nje nusu ndani, na protini za FGF zikiishika huko nje inatuma ujumbe ndani ati punguzeni mwendo. Hiyo ni kawaida kabisa, kila mtu anaihitaji.

Sasa kwa akondroplasia ni herufi moja tu ya DNA imebadilika, nafasi ya 380 ya hiyo protini palipaswa kuwa na glisini pakakaa arginini (hizi ni aina mbili za vipande vinavyojenga protini), na ni pale pale inapopenya ngozi ya seli, kwa hivyo ujumbe wa kuzuia unatumwa kupita kiasi. Karibu wote wenye hali hii wana badiliko hilo hilo, lilijulikana 1994.

Ndio maana homoni ya kukua haisaidii sana, ni kukanyaga mafuta na mguu mwingine bado uko kwa breki. Dawa inayokata huo ujumbe wenyewe ni vosoritaidi, iliidhinishwa Ulaya na Marekani 2021, kwa majaribio watoto waliongeza kama sentimita 1.5 zaidi kwa mwaka, lakini ni sindano ya kila siku na bei yake ni kali sana.

Na tafadhali mtu asikulaumu. Kama 8 kati ya 10 wanazaliwa na wazazi wa urefu wa kawaida, badiliko linatokea upya, mara nyingi kwa mbegu ya baba, haswa umri ukisonga. Hakuna kitu ulikula ama uliacha kula.

Mimi kinachonitia wasiwasi kuliko urefu ni shingo, manake lile tundu la chini ya fuvu linaweza kuwa jembamba likabana neva za uti wa mgongo. Akikoroma sana, akikatika pumzi akilala, ama miguu ianze kulegea, usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke hospitali mara moja uulize kuhusu MRI ya shingo, ile picha ya mashine ya kuona ndani ya mwili.