Usinunue Propela Niliyonunua Mimi

Juma lililopita kijana mmoja wa Mbale, hapa Uganda, aliniandikia: "Mzee, shikamoo. Nimeona picha ya ndege yako ikiwa hewani. Naomba jina la propela uliyofunga, nimepata muuzaji, nataka kulipa Ijumaa." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo niliwahi kuuliza mimi, nikajibiwa vizuri kabisa, na jibu lile likanigharimu injini.

Nilikuwa nimemaliza fremu na mabawa ya ndege ndogo niliyojiundia mwenyewe. (Ile miaka minne ya kukata mabomba ya alumini na kushona kitambaa sitawasimulia. Nyote mnaosoma hapa mmo kwenye jela hiyohiyo.) Injini ilikuwa Rotax 503, ya silinda mbili na mipigo miwili, nguvu farasi kama 50 ikizunguka mara 6,500 kwa dakika. Ilibaki propela, ile feni inayoisukuma ndege. Jamaa mmoja mwenye ndege ya mbio kuliko yangu na injini kubwa kuliko yangu akanisifia yake. Nikatafuta ya aina ileile, mapanga matatu ya kaboni, iliyokwisha kutumika. Aliyeniuzia akaapa kwamba imeshapimwa: "Funga tu uruke." Shilingi milioni 4, taslimu.

Tukaufunga mkia wa ndege kwenye mwembe, shambani kwa kaka yangu huko Kiboga, nikafungulia mafuta yote. Geji ya mizunguko ikapanda hadi 5,400, ikagoma kufika 6,500. Nikampigia fundi mmoja, ukuta wake umejaa vyeti. Hata kuja kuitazama hakuja. "Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, sebo, zoea." Nikazoea. Siku ya tatu ya kuikimbiza kwenye nyasi, hata magurudumu hayajainuka, pistoni ya nyuma ikang'ang'ania silinda. Kimya. Ng'ombe wakarudi kula majani yao kana kwamba hakuna mtu aliyefilisika.

Nilimwamini yule fundi kwa sababu alichosema kina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyoniua. Entebbe iko mita 1,153 juu ya bahari, na mchana wa joto la nyuzi 27 ndege hujiona kama iko karibu mita 1,860. Ni hewa nyepesi kweli. Lakini hewa ikiwa nyepesi, injini hudhoofika na propela nayo hupata kitu chepesi cha kukata. Mzigo unapungua pamoja na nguvu, kwa hiyo mizunguko haishuki sana. Kinachoshuka ni msukumo. Mizunguko yangu 1,100 haikupotelea angani. Ilipotelea kwenye pichi, yaani pembe ambayo panga linakabili nayo hewa. Propela ile ilipangwa kwa ndege ya mbio, na kuifunga kwenye ndege yangu ya kilomita 90 kwa saa ni kama kupanda milima ya Kabale kwa gia ya nne. Injini inalemewa, inachemka, inakufa. Kosa dogo lililobaki lilikuwa la kabureta: jeti zake, vile vitundu vinavyopima mafuta, zilikuwa za usawa wa bahari, zikamwaga mafuta mengi mno kwa hewa yetu, plagi zikawa nyeusi kama sufuria ya kijijini.

Nilipofufua injini (msiniulize kwa shilingi ngapi, mke wangu pia husoma hapa) nililegeza boliti za habu, yaani kitovu kinachoshika mapanga, nikapunguza pembe nyuzi 3, kila panga kwa kipimo kilekile. Kwangu kila uzi mmoja ulirudisha mizunguko kama 250. Geji ikafika 6,200 ndege ikiwa imefungwa, na hapo nikaacha, kwa kuwa ikishaanza kwenda mzigo hupungua na mizunguko hupanda yenyewe. Ukilaza mapanga kupita kiasi utaona geji inapendeza, lakini injini ya mipigo miwili isiyo na mzigo wa kutosha, moshi wake wa ekzosi huwa na joto kupita kiasi na mwisho wake ni uleule. Kati ya mkia na mwembe nilikuwa nimeweka mizani ya kuning'inia ya wanunuzi wa kahawa. Mara ya kwanza ilisoma kilo 98. Sasa ilisoma 127. Propela ileile, injini ileile! Nilikaa chini ya ule mwembe nikajisikia mhandisi kuliko wahandisi wote. Yule fundi wa vyeti mpaka leo hajaniomba radhi, na sijasahau.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jina la propela halitakusaidia. Anza na giaboksi. Yangu inagawa kwa 2.58, kwa hiyo injini ikizunguka 6,500 propela inazunguka kama 2,520, na ncha za mapanga yenye kipenyo cha mita 1.65 zinakwenda kama mita 218 kwa sekunde. Ungefunga propela hiyohiyo bila giaboksi, ncha zingeipita sauti, ambayo ni kama mita 340 kwa sekunde. Ungepata kelele ya kuamsha Mbale nzima na msukumo mdogo. Ndege ya polepole inataka kipenyo kikubwa kadiri nafasi inavyoruhusu na pembe ndogo. Mapanga mawili yakitosha, usinunue matatu kwa ajili ya picha. Na nunua inayorekebishika ardhini, maana hutapatia mara ya kwanza. Vijana mnapenda njia za mkato, halafu mnalaumu hewa. Pimeni! Mkaguzi wa mamlaka ya anga atakuuliza namba hizi kabla hujapata kibali, na ukimjibu "nilimwiga mzee fulani" usinitaje.

Niandikie tena ukiwa na aina ya injini, mgawanyo wa giaboksi, nafasi kutoka kitovu cha propela hadi ardhini, na kasi unayotarajia kusafiri nayo. Muuzaji wa Ijumaa mwambie asubiri.