Maswali yenu wiki hii: sabuni zinatoka, maji yanaisha

Maswali mengi yaliyoingia safari hii ni ya watu wanaotengeneza sabuni, jiki na vitu vya usafi wa nyumbani, wengine wako kwenye banda la uani na wengine wako kwenye viwanda kabisa vyenye boila, na karibu wote kilio ni maji. Walio Dar bado wanaikumbuka Oktoba 2022 mto Ruvu uliposhuka mpaka DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, wakatangaza mgao, kuna wazalishaji walikaa wanaangalia tu masufuria makavu. Twende moja moja.

Natengeneza sabuni ya maji Mbagala, bili ya maji inapanda kila mwezi na uzalishaji ni ule ule. Nianzie wapi?

Anzia kwenye mita ndugu yangu, usinunue kitu chochote kwanza. Jumamosi mkifunga soma mita, Jumatatu asubuhi kabla mtu hajagusa bomba isome tena, kama namba imesogea na hakuna aliyefanya kazi basi yanavuja, na usidharau tone, bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linamwaga kama lita 20 kwa siku, bado choo ambacho flashi yake haifungi vizuri. Ukishaziba hayo funga mita ndogo, moja kwenye maji yanayoingia kwenye sabuni na nyingine kwenye maji ya kuoshea. Tuseme umetoa lita 1000 za sabuni na mita kuu inasema umetumia lita 2500, maana yake zaidi ya lita 1500 hazijaingia kwenye dumu lolote, sasa hizo ndo za kuzitafuta zimeenda wapi. Mtu akija kukuuzia mtambo wa kusafisha maji taka kabla hujaijua hiyo namba, mwambie asubiri.

Tuna harufu tatu, limau, lavenda na ya waridi. Kila tukibadilisha tunaosha tangi kwa mpira mpaka maji yatoke meupe. Kuna njia nyingine?

Ipo, na kiukweli kwenye viwanda vingi vya sabuni ya maji hapa ndo pesa inapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza panga ratiba. Anza na isiyo na rangi, fuata rangi nyepesi, malizia nyeusi au yenye harufu kali, na kama oda zinaruhusu tengeneza limau siku mbili mfululizo badala ya kubadilisha kila siku, maana tangi ambalo halijabadilishwa bidhaa halihitaji kuoshwa vile.

Pili, kabla ya tone la maji kuingia, liache tangi lichuruzike vizuri, lilaze kidogo kama linalazika, halafu kwangua kuta kwa kikwangulio cha mpira. Sabuni ni nzito inaganda kwenye kuta, ukiimwagia maji mengi unaisukuma mtaroni na ulishailipia salfoniki na ungaroli, vile viungo vyake vya kusafisha na povu.

Tatu, hii hesabu wengi hawaiamini mpaka waijaribu. Chukulia zimebaki lita 5 za sabuni ukutani na kwenye bomba za chini. Ukimwaga lita 195 kwa mkupuo ukakoroga ukatoa, maji yatakayobakia ukutani yana sabuni asilimia 2.5. Sasa fanya kwa lita 45, koroga, toa yote, rudia tena kwa lita 45, mara ya pili tu umeshafika asilimia 1 na umetumia lita 90, chini ya nusu. Mara ya tatu unafika asilimia 0.1 na jumla bado ni lita 135. Siri ni kutoa maji yote kabla ya kuweka mengine, ukiacha mpira unatiririka huku tangi limejaa unapoteza tu.

Na yale maji ya kwanza usiyamwage! Ndani yake kuna karibu lita 4.5 kati ya zile lita 5 za sabuni. Weka kwenye pipa lenye mfuniko, liandike LIMAU na tarehe, bachi ijayo ya limau ianze na hayo na upunguze maji mapya kwa kiasi hicho hicho. Ila yasilale siku nyingi, maji ya sabuni iliyochujuka hayana kihifadhi cha kutosha na joto letu hili bakteria wanazaliana haraka. Mwishoni mwa 2022 The Laundress, kampuni ya sabuni za kufulia ya Marekani, iliwaambia wateja waache kutumia bidhaa karibu milioni 8 kwa hofu ya bakteria wakiwemo Pseudomonas, kwa hiyo sabuni nayo inaingia vijidudu, msidanganyike. Tumia ndani ya siku moja, yakinuka au yakibadilika rangi mwaga bila huruma.

Hayo maji ya kusuuzia tunaweza kuyachanganya yote pipa moja? Tunatengeneza na jiki na dawa ya choo.

HAPANA. Jiki ikikutana na dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi ya klorini na inaua mtu, usifikirie kwamba yamechujuka sana. Mapipa tofauti, mipira tofauti, ikiwezekana hata mtaro tofauti. Kwenye hili bora upoteze maji.

Niko Nairobi, tuna mashine ya RO, ile ya kuchuja chumvi kwenye maji. Yale maji inayoyakataa yanaenda mtaroni siku nzima, inaniuma.

Inapaswa ikuume. Kama mashine inatoa nusu masafi nusu inakataa, yale yaliyokataliwa yana chumvi kama mara mbili ya uliyoingiza, kwenye sabuni hayafai lakini kuoshea sakafu, vyoo na nje ya madumu yako sawa kabisa. Weka tangi lake na bomba lake. Pia uliza kama kila bidhaa yako inahitaji RO kweli, maana kuna watu wanaoshea sakafu kwa maji ya RO.

Kiwanda chetu kina boila na mnara wa kupozea. Tunapunguzaje?

Boila, hakikisha mvuke ukishapoa ukawa maji unarudi kwenye tangi la boila, ni maji safi na bado ya moto, unaokoa na kuni au mafuta. Mnara, angalia mnavyotoa maji machafu. Kama unapoteza uniti 10 kwa siku kwa mvuke (uniti moja ni lita 1000) na mnayaacha maji yakolee chumvi mara 3 tu ndo mnayatoa, mnaongeza uniti 15 kila siku. Mkiyaacha yakolee mara 6 mnaongeza 12, lita 3000 zimebaki. Mfike huko taratibu, na kipimo cha chumvi mkononi na dawa ya kuzuia ukoko, kwa sababu maji yakiwa magumu sana mabomba yataziba.

Wateja wangu Tanga wanataka povu jingi na sabuni nzito. Mimi nitapunguza maji vipi hapo?

Swali zuri kuliko yote. Chupa ya nusu lita haina hata nusu lita ya maji ndani, lakini mama anayefua kwa mkono akisuuza ndoo tatu za lita 20 ni lita 60 kwa beseni moja la nguo, na anasuuza mara tatu kwa sababu povu haliishi. Yani maji makubwa ya sabuni yako yanatumika nyumbani kwa mteja, na wewe ndo umeyaamua ulipopanga fomula. Kuna viungo vya kukata povu wakati wa kusuuza, Downy, wale wa dawa ya kulainisha nguo, waliwahi kutoa ya kusuuza mara moja kwa ajili ya nchi kama Mexico na Ufilipino. Jaribu bachi ndogo, mpe jirani afue, hesabu ndoo.

Uzito nao ni chumvi tu mara nyingi, nzito haimaanishi ina nguvu. Ukiweza toa iliyokolezwa kweli, Walmart walitangaza hivyo 2007 kwa sabuni zote za maji za kufulia madukani kwao Marekani. Ila huku watu wanamimina kwa jicho, kwa hiyo kifuniko kiwe ndo kipimo na uandike wazi, kifuniko kimoja ndoo moja, na uanze na wateja unaowajua kabla ya kupeleka dukani.

Nimechimba kisima Kigamboni, si maji ya bure hayo?

Umeme wa pampu unalipa, na kisima cha kibiashara kinahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, kwako ni Wami/Ruvu. Halafu pwani ukivuta sana maji ya bahari yanasogea chini kwa chini, kisima kinakuwa cha chumvi chako na cha majirani. Mimi ningeangalia bati kwanza. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita za mraba 500 kwa mvua ya milimita 1000 kwa mwaka, ukitoa yanayopotea, unaweza kukinga kama lita 400,000, nyingi zikija masika. Maji ya mwanzo yenye vumbi yamwage, yanayofuata ni laini, hayana chokaa, na sabuni inayapenda.