Mauzo yamepanda, mishahara nakopa

SWALI: Shikamoo mama. Nina kampuni ndogo Tabata, tunasambaza sabuni za maji, dawa za usafi na karatasi za chooni kwa hoteli, ofisi na shule. Mwaka jana tuliuza kama milioni 38 kwa mwezi, sasa tumefika 61. Nina vijana wanne wa mauzo, nawalipa kamisheni ya asilimia 3, na Sabasaba tulichukua banda. Lakini miezi miwili mfululizo nimekopa ili nilipe mishahara. Mteja wangu mkubwa, hoteli moja ya Masaki, ananunua kwa milioni 9 kila mwezi kwa bei ya punguzo, ila analipa baada ya siku 90. Nipunguze wafanyakazi au nitafute wateja zaidi? Nimeambatanisha hesabu zangu.
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpunguze mtu, na kwa mwezi huu usitafute mteja mpya hata mmoja. Hesabu ulizonitumia zina jibu lako, ila wateja wote umewatia kapu moja, kwa hiyo huoni nani anakulisha na nani unamlisha wewe.

Nimemtoa huyo wa Masaki peke yake. Mzigo wa milioni 9 unaununua kwa 7,400,000, unabakiwa na 1,600,000. Inapendeza. Sasa toa. Anaagiza mara tatu kwa wiki, leo katoni mbili, keshokutwa tano. Hizo ni safari 12 za kirikuu, kila moja 45,000, jumla 540,000. Kamisheni 270,000. Fedha uliyonunulia mzigo inakaa nje miezi mitatu, na wewe unakopa kwa asilimia 1.5 kwa mwezi: riba 333,000. Kijana wako mwenye mshahara wa 600,000, theluthi ya siku zake inaishia mapokezi pale akifuatilia malipo, nayo ni 200,000. Umebaki na 257,000.

Chukua sasa ile shule ya Kimara iliyo chini kabisa kwenye orodha yako. Inanunua kwa 1,400,000 mara moja kwa mwezi na inalipa siku ileile ya kupokea. Mzigo umeununua 1,060,000, safari moja 45,000, kamisheni 42,000. Unabaki na 253,000. Elfu nne tu ndiyo tofauti yake na hoteli! Nilipofika hapo niliweka kalamu chini.

Na bado sijaigusa VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Ankara ya hoteli inabeba asilimia 18 juu ya hiyo milioni 9, yaani 1,620,000. TRA inaihesabu kwa mwezi uliotoa mzigo, haingoji mteja akulipe, na ritani yake, yaani taarifa ya kodi ya mwezi, inatakiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hata ukikata kodi uliyolipa uliponunua, bado unamtangulizia mteja fedha ambazo hajakupa. Mishahara yako imepotelea humo.

Nenda Masaki mwenyewe, usimtume kijana. Anza na msimamizi wa usafi wa vyumba, maana ndiye anayejua sabuni inakwisha lini. Kubalianeni mzigo ushuke mara moja kwa wiki. Safari 8 zikipungua, umeokoa 360,000, zaidi ya faida yote unayoipata kwao leo. Kisha mwambie ofisa manunuzi kwamba punguzo litabaki kwa ankara zinazolipwa ndani ya siku 30 tu. Akikataa, bei irudi ya kawaida. Usiogope kulisema hilo.

Halafu mtafute mhasibu. Haya yamenikuta mimi. Nilipokuwa nauza shajala na vifaa vya ofisi hapa mjini, kampuni moja ilinikalia na fedha zangu miezi 11. Ofisa manunuzi tulikuwa tunakunywa naye chai, mhasibu simjui hata sura. Nilipoenda kumwona, nikakuta ankara zangu zimewekwa kando: moja haina namba ya LPO, yaani oda ya maandishi ya mnunuzi, nyingine hati ya kupokelea mzigo haikugongwa muhuri wa stoo. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza. Kwa hiyo uliza wanaandaa malipo siku gani, na karatasi zipi lazima ziambatane. Risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), LPO na hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa viende pamoja, siku hiyohiyo mzigo unaposhuka.

Kamisheni nayo ibadilike. Ukimlipa kijana kwa ankara, atakimbilia milioni 9 za siku 90 na kuipita shule ya Kimara, na hana kosa, umemwelekeza wewe. Mlipe fedha ikishaingia benki, na asilimia yake itokane na kinachobaki baada ya bei ya kununulia. Waite wote wanne, waoneshe hesabu hizi mbili, na zile kamisheni za zamani wamalizie kwa makubaliano ya zamani.

Kuhusu banda, fungua daftari la waliowatembelea. Wangapi wamenunua hadi leo, na wamelipa? Kama daftari halikuwepo, basi kabla ya Julai ijayo kila mteja mpya aulizwe amewajua vipi, na iandikwe. Nina hisia kwamba wengi watakutajia shule au zahanati ya jirani inayonunua kwako. Barabara yote kutoka Kimara hadi Mbezi ina shule za namna hiyo.