Amehamia timu mpya, mbona asilimia imeshuka?

SWALI: Mchezaji wetu mpya wa mpira wa kikapu, kule alikotoka, alitupa mitupo 200 katika mechi 20 na kufunga 96, zikiwemo 12 za pointi tatu. Mitupo huru (ya baada ya faulo, pointi moja kila mmoja) alifunga 35 kati ya 50. Kwetu, katika mechi 10, ametupa 130 na kufunga 56, zikiwemo 24 za pointi tatu. Mitupo huru 30 kati ya 40. Yaani ametoka asilimia 48 hadi 43. Viongozi wanasema tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Ni kweli?

JIBU: Si kweli. Kwa takwimu hizo hizo, mchezaji wenu amepanda. Asilimia ya kawaida huhesabu kikapu cha pointi tatu sawa na cha mbili, na mitupo huru haiigusi kabisa.

Anza hivi: chukua vikapu alivyofunga, ongeza nusu ya vile vya pointi tatu, gawa kwa mitupo yote. Alikotoka ni 96 + 6 = 102, gawa kwa 200, asilimia 51. Kwenu ni 56 + 12 = 68, gawa kwa 130, asilimia 52.3.

Kisha ingiza mitupo huru. Zidisha idadi aliyojaribu kwa 0.44, jumlisha na mitupo ya kawaida, zidisha kwa 2, halafu gawa pointi zake zote kwa jibu utakalopata. Mitupo huru kwa kawaida huja miwili miwili kwa shambulizi, lakini hiyo 0.44 haikuwekwa 0.5 kwa sababu baadhi ya mitupo huru haimalizi shambulizi jipya, kama ule mmoja wa nyongeza anapofunga huku akichezewa faulo. Alikotoka: pointi 239 kwa 444, asilimia 53.8. Kwenu: 166 kwa 295.2, asilimia 56.2.

Tena sasa anatupa mara 13 kwa mechi badala ya 10. Mzigo ukiongezeka, ufanisi kwa kawaida hushuka, maana mitupo inayoongezeka ndiyo migumu. James Harden, nyota wa NBA (ligi kuu ya kikapu ya Marekani), alipotoka Oklahoma City Thunder, alikokuwa akiingia kutoka benchi, kwenda Houston Rockets mwaka 2012, asilimia yake ilishuka kutoka 49.1 hadi 43.8, lakini wastani wa pointi ulipanda kutoka 16.8 hadi 25.9. Msimuache benchi huyo wenu.

SWALI: Mimi ni mtupaji wa pointi tatu. Tangu nihamie timu mpya mipira yangu inagonga mbele ya rimu. Nimeongeza mazoezi, bado.

JIBU: Mpira unaofika mfupi kila mara mara nyingi ni suala la miguu au umbali. Kama umebadilisha ligi, pima mstari wa pointi tatu kwanza: kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la kikapu, ni mita 6.75, na 6.60 kwenye kona. NBA ni 7.24, na 6.70 kwenye kona.

Kama mstari ni ule ule, tazama pasi. Mpira ukikufikia magotini unainama kuuokota, unanyooka kabla hujaudhibiti, na mikono inabaki kutupa peke yake bila nguvu ya miguu. Kosa hilo huwezi kulirekebisha ukijirushia mpira mwenyewe. Fanya mazoezi na mwenzako yule yule anayekupasia kwenye mechi: mitupo 10 katika kila sehemu 5 za mstari, na kila pasi isiyofika kati ya kiuno na kifua irudiwe. Ifanyeni mwishoni mwa mazoezi, miguu ikiwa imechoka.

Andika pia, kwa kila mtupo wa mechi, kama uliupata kwa pasi au baada ya kudunda mpira. Huenda timu ya zamani ilikutengea nafasi, na hii inakutaka ujitengenezee. Hapo tatizo si mkono wako. Zungumza na kocha.

SWALI: Tusubiri mechi ngapi kabla ya kumhukumu mgeni?

JIBU: Hesabu mitupo, si mechi. Mtupaji halisi wa asilimia 36, katika mitupo 100 ya pointi tatu, anaweza kufunga 31 au 41 kwa bahati tu. Mitupo 30 haithibitishi chochote. Kinachoonekana mapema ni mahali anapotupia na kama amekabwa. Angalia pia mitupo huru, kwa kuwa hapo hakuna anayemkaba: ikiwa nayo imeporomoka, muulize kuhusu kidole, bega au uchovu.