Piga nambari kurasa kwanza, programu itafuata

Dada uliyeuliza juzi: umeanza kazi ya ukarani kwenye ofisi ya mawakili wawili hapa mjini, umekabidhiwa kesi ya mkandarasi yenye katoni nne za karatasi na flashi moja ya barua pepe, na wakili wako anataka umwambie anunue programu gani ya kuandalia kesi. Waliokujibu wote wametaja majina ya programu. Mimi ni karani wa mawakili Nairobi mwaka wa kumi na tatu huu, na jina la programu nitalitaja mwishoni.

Kwanza nikueleze siku moja pale mahakamani Milimani. Shahidi wetu yuko kizimbani, wakili wa upande wa pili anamwambia afungue ukurasa wa 214. Shahidi anafungua, anakuta risiti ya saruji. Jaji kafungua wake, ana barua ya benki. Wakili wangu naye anatazama mchoro wa paa. Wiki mbili kabla, mteja alikuwa ameleta barua zilizochelewa, kurasa sita, nami kwa unadhifu wangu nikazichomeka katikati ya kitita, yaani hati zote za kesi zilizopangwa pamoja kwa ajili ya mahakama, mahali pake kwa tarehe, nikapiga nambari upya na kupakia kwenye mfumo wa mahakama. Nakala ya shahidi ikabaki ya zamani, na ya wakili ilikuwa ya zamani zaidi. Jaji hakufoka. Aliuliza tu kitita kiliandaliwa na nani, wakili akageuka kunitazama, na kesi ikaahirishwa miezi minne.

Tangu siku hiyo kila ukurasa unaoingia ofisini kwetu hupewa nambari moja ya kudumu kabla mtu hajausoma. Huwa tunatanguliza herufi tatu za mteja, kisha tarakimu tano: MKD-00001, MKD-00002, na kuendelea. Wamarekani huita mtindo huu Bates, kwa jina la mtu aliyetengeneza mashine ya mkono ya kugonga nambari mwishoni mwa karne ya 19, na ukifungua Acrobat, ile programu ya PDF, utaukuta kwenye menyu kwa jina hilohilo. Hati ikichelewa inakwenda mkiani, hata kama ni ya zamani kuliko zote. Usiichomeke. Kupanga kwa tarehe ni kazi ya jedwali nitakalolieleza hapo chini.

Utaniuliza, na nambari za kitita cha mahakama je? Hizo ni nyingine. Ya kudumu inakaa pembeni chini kulia, ya mahakama inakaa juu. Hata herufi anazogonga kamishna wa viapo, yule anayeshuhudia viapo, kwenye vielelezo vya hati ya kiapo haziigusi ile ya kudumu. Wakili akikupigia simu saa mbili usiku akitaka MKD-00611, unajua ni karatasi ipi, hata kama imetumika kwenye vitita vitatu.

Jambo jingine dogo linaloumiza watu: tangu mfumo wa kuwasilisha kesi mtandaoni uanze hapa Nairobi tarehe 1 Julai 2020, majaji wengi wanasoma kwenye skrini. Ukiweka jalada na kurasa tatu za faharasa bila nambari, ukurasa uliouandika 1 unakuwa wa 5 kwenye kompyuta ya jaji. Wakili anasema 40, jaji anaandika 40, anatua pengine. Anza kuhesabu kwenye jalada lenyewe, ugomvi uishe.

Baada ya nambari, fanya hati zisomeke na kompyuta. Ukurasa ulioskaniwa ni picha tu. Ukitafuta neno hupati kitu mpaka upitishe programu ya kutambua maandishi. Tesseract ni ya bure na ina faili la Kiswahili. Iwekee Kiingereza na Kiswahili pamoja, kwa sababu barua za kampuni ni za Kiingereza lakini kumbukumbu za vikao vya mafundi zimechanganywa kama githeri. Mwandiko wa mkono usiutegemee kabisa. Kwa hizo kaa chini, soma, chapa muhtasari wa mistari miwili, uuambatishe.

Sasa jedwali, na hapa ndipo kesi inapojengwa. Watu wengi huunda folda: Barua, Risiti, Mikataba, Mengineyo. Folda ina kasoro moja: karatasi ikiingia chumba kimoja, vyumba vingine havijui kama ipo.

Tulikuwa na mteja, mkandarasi mdogo wa mabomba, aliyedai salio la kazi ya jengo la ghorofa huko Kilimani. Alipeleka kesi mwaka wa saba baada ya kazi kwisha. Mdaiwa akaleta pingamizi kwamba muda umepita, na kwa karatasi tulizokuwa tumezisoma alikuwa na haki, maana Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 22, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba. Wakili alishaanza kumwandaa mteja kwa habari mbaya. Mimi nilikuwa naingiza matukio kwenye jedwali, ukurasa baada ya ukurasa, kazi ya kuchosha kama kuchagua mchele. Kwenye folda ya malalamiko ya ubora nikafika barua ya mdaiwa kuhusu matangi yanayovuja. Aya tatu nzima za matangi. Aya ya nne, sentensi moja: salio lenu tutalimaliza tukishauza nyumba mbili zilizobaki. Imetiwa sahihi na mkurugenzi, tarehe ni miaka mitatu baada ya kazi kwisha.

Kifungu cha 23 cha sheria hiyo kinasema mdaiwa akikiri deni, muda unaanza kuhesabiwa upya, na cha 24 kinataka kukiri huko kuwe kwa maandishi na kuwe na sahihi. Pingamizi likatupwa. Barua ilikuwa nasi tangu siku ya kwanza, tena ina kibandiko cha njano kilichoandikwa "matangi".

Kwa hiyo jedwali langu lina safu hizi: tarehe, tukio kwa sentensi moja, nambari ya ukurasa, nani anasema hivyo, linagusa suala gani, na kama upande wa pili unalikubali au unalipinga. Barua ile ikawa na mistari miwili, mmoja chini ya ubora wa kazi, mwingine chini ya kukiri deni, yote ikielekeza MKD-00611. Tarehe ziandike mwaka kwanza, 2017-05-04, maana programu za Marekani zikiona 04/05 zinasoma Aprili tarehe 5. Ilinigharimu wikendi nzima kurekebisha.

Kuna safu moja ya siri: linatusaidia au linatuumiza. Hiyo ni ya macho ya wakili tu. Namjua mwenzetu aliyechapisha jedwali zima na kuliambatisha kwenye hati alizowapelekea wapinzani, na maneno "hapa tumekwisha" yakiwa kwenye mstari wa tisa. Hakufukuzwa, sijui kwa nini.

Ndiyo, sasa programu. CaseMap ya LexisNexis imejengwa juu ya wazo hilihili: matukio, watu na vitu, masuala, vyote vikiunganishwa na hati. Ni nzuri, nimeitumia, ila bei ni ya dola. Relativity na wenzake ni za kuchuja barua pepe kwa maelfu na mamilioni. Kwa katoni nne ni kukodi lori kubeba gunia moja. Kwa ofisi ya mawakili wawili mimi ningeanza na Excel na folda moja ya PDF zilizopigwa nambari, kisha safu ya ukurasa niigeuze viungo vya kubofya. Siku jedwali litakapowashinda kwa urefu, mtahamia programu ya kulipia na data yenu ikiwa safi. Aliyenunua programu kabla ya kupiga nambari anahamisha fujo kutoka kwenye katoni kwenda kwenye kompyuta. Na hati za mteja usizipakie kwenye tovuti za bure za kuunganisha PDF wala za akili bandia zinazojibu maswali. Siri ya mteja si yako kuigawa, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inakuangalia.

Mwisho, ile flashi. Usianze kufungua barua pepe ndani yake. Nakili yote kwanza, asili ifungiwe kwenye bahasha, ufanye kazi na nakala. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachoeleza rekodi ni ipi, ilitolewa vipi na kwa kifaa gani, na kinatiwa sahihi na mtu mwenye dhamana juu ya kifaa hicho. Kama kuna mazungumzo ya WhatsApp ni vilevile: mwombe mteja ahamishe mazungumzo yote kutoka kwenye simu yake, asikuletee skrinishoti tano alizozichagua, na simu asiiuze. Andika leo, kwenye daftari, nani aliileta flashi, nani aliinakili, kompyuta gani, saa ngapi. Cheti kitaandikwa mwaka ujao, na wakati huo hakuna atakayekumbuka.